Namba ya Kwenye Kioo

1 Desemba

Ziwa limefungwa leo. Kwa miezi mitatu hakuna ruhusa ya kutia wavu, samaki wapate kuzaa, na sisi wauza samaki wa Kashikishi tukae tukitazamana. Miaka mingine siku kama hii nanuna tangu asubuhi. Mwaka huu nimeamka nikimshukuru Mungu. Chumba chetu cha baridi, kile chenye paneli za sola juu ya bati, hakina samaki wa kugandisha, kwa hiyo jua lote la mchana linaingia kwenye gari.

Gari tuliletewa mwezi wa kumi na mwanetu Gauthier, anayefanya kazi Lusaka kwa watu wanaoingiza magari. Ni jipya, jeupe, la umeme mtupu. Halina tanki, halina moshi, wala halingurumi. Mume wangu Roger, aliyeendesha malori ya samaki kati ya Pweto na Lubumbashi tangu ujana wake, wiki ya kwanza alikuwa akitega sikio kwenye boneti kuona kama limekufa.

Gari hili lina kazi moja kubwa kuliko zote. Binti yetu Kapinga ameolewa Puta, upande wa Chienge, na mimba yake itatimia mwishoni mwa mwezi wa pili. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu. Muuguzi wa zahanati ya kule, Olipa, amesema safari hii asithubutu kuzalia Puta, aletwe hospitali kubwa huku kwetu. Lakini usafiri wa Puta ni magari ya samaki, na ziwa likifungwa magari hayo hayaendi. Basi tutakwenda wenyewe. Kwenda na kurudi ni kama kilomita mia moja na sabini. Kioo cha gari, kile cha namba nyuma ya usukani, kinasema likijaa linakwenda mia tatu na kumi. Niombe nini tena?

4 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Roger ameinama kwenye magurudumu asubuhi nzima akipiga mluzi. Anasema analiandaa gari kwa masika. Ana raha, nimemwacha.

9 Desemba

Nimegundua kitu. Viti vya mbele vina kitufe chenye picha ya moshi unaopanda. Ukikibonyeza, kiti kinapata joto, na hewa ya moto inatoka mbele kukausha vioo. Mgongo wangu, ulioharibiwa na makreti ya barafu, umelia kwa furaha. Nimekibatiza jiko la mgongo. Roger anacheka, ila na yeye nimemwona amebonyeza cha kwake.

15 Desemba

Gari limejaa, asilimia mia, lakini kioo kinasema mia mbili na arobaini. Sabini zimekwenda wapi?

Roger anasema ni mawingu, sola imetoa umeme mwepesi. Nikamuuliza tangu lini umeme ukawa na uzito. Akasema mimi ni wa samaki, nimwachie magari.

22 Desemba

Tumekwenda kuchukua unga wa muhogo ndani ndani huko, barabara imekuwa uji. Tumerudi salama. Lilipojaa tena: mia mbili na kumi.

25 Desemba

Kuku, wali, kwaya hadi sauti zikakauka. Mungu ni mwema.

3 Januari

Leo nimekasirika, na nadhani nilikuwa na haki.

Mumba ndiye mlinzi wa chumba chetu cha baridi. Ni Mbemba, mwenyeji wa hapahapa, mtu mzima, mpole, mchana anabeba unga kwa baiskeli, jioni anakaa mlangoni kwetu na redio yake. Kiswahili amejifunza sokoni kwa sisi Wakongo. Leo asubuhi nimefungua mlango wa gari, ambao hatuutii ufunguo, nikakuta simu yake imechomekwa, inanyonya. Na kioo kinasema mia moja na tisini.

Wiki tatu tunatafuta mwizi wa kilomita, kumbe yuko mlangoni na redio.

"Mumba!" nikaita, na pale soko lote linasikia. "Njo weye unakula kuran ya gari?" Kwetu Wakongo, njo ni ndiye na kuran ni umeme.

"Bana Kapinga, ni simu tu. Imekufa asubuhi hii," akasema, akiniita Mama Kapinga kwa Kibemba.

"Leo simu yako. Jana ya nani? Unalisha batu bote ba soko mu gari yetu! Mutoto wangu iko na mimba Puta, na weye unamumalizia njia!"

Wanawake wa nyanya wakageuka kutazama. Esnart, rafiki yangu wa meza ya karibu, akanivuta kanga. Mumba alichomoa simu yake, akachukua redio, akaweka funguo za chumba juu ya kreti mbele yangu, akaondoka akisukuma baiskeli. Hakuipanda hata mara moja mpaka alipopotea kwenye kona.

Aende. Sasa tutaona.

11 Januari

Tumeona. Gari limelindwa na Roger mwenyewe, limefungwa, hakuna simu, hakuna redio. Limejaa: mia moja na sabini na tano.

Sijamwambia mtu. Esnart ameniuliza leo kama kilomita zimerudi, nikajifanya natafuta chumvi.

14 Januari

Mvua. Mgongo. Nashukuru kwa jiko langu.

20 Januari

Gauthier amepiga simu, nikaiweka spika na Roger asikie. Nilimweleza kwamba gari limeugua, kila wiki linapungua kama mtu wa kifua kikuu. Hakushtuka, jambo lililoniudhi.

"Mama, ile namba haipime betri," akasema. "Inakisia tu. Inaangalia safari zenu za nyuma, vile mulikula umeme, inasema: kama munaendelea hivi, mutafika hapa. Mwezi wa kumi nilikuya nayo polepole mu lami, njo ilisema mia tatu na kumi. Sasa muko mu matope. Betri haina shida."

"Na zile zingine zimeenda wapi?"

"Hazijaenda. Munazila njiani. Munawasha moto ndani?"

Nikakohoa kidogo.

"Na matairi? Papa, upepo wa matairi uko sawa?"

"Pine iko muzuri," Roger akajibu kwa sauti kubwa. Pine ndilo jina lake la tairi tangu enzi za malori. "Iko vile inapashwa kuwa."

"Basi muangalie asilimia, musiangalie kilomita."

Simu ilipokatika, Roger akatikisa kichwa. "Mutoto anauza magari, ulitaka aseme nini? Mi niliendesha malori, tanki ikiwa nusu ni nusu, haikisie. Ziwa likifunguka, atakuya kuchukua gari yake."

Nilitaka kumtetea Gauthier, lakini ningemteteaje wakati ile hadithi ya moto wa ndani nilikuwa nimeikohoa?

27 Januari

Nimempigia Kapinga aje sasa, kabla gari halijaisha kabisa. Hawezi. Mama mkwe wake alianguka, nyonga imevunjika, hainuki bila mtu, na wifi wa kumpokea zamu atafika tarehe kumi na tano. Mumewe yuko shambani mbali.

"Mutakuya kunitwala tarehe kumi na tano, mama. Mimba ingali bado."

Nimempenda kwa moyo huo, na nimeogopa kwa sababu yake.

2 Februari

Mia moja na sitini na tano. Safari ni mia moja na sabini. Roger anasema tutaomba gari la mtu. La nani? Ziwa limefungwa.

8 Februari, Jumapili

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Niandike kwa mpangilio, nisichanganye.

Tulikuwa tunatoka kanisani saa sita mchana, mvua ndogo inanyesha, ndipo Olipa alipopiga kutoka Puta. Uchungu umemshika Kapinga mapema. Gari la wagonjwa limekwama matopeni juu ya Chienge, halijulikani litatoka lini. "Mama Colette," akaniita kwa jina langu mwenyewe, "asikalie hapa. Ile kovu ya kwanza inanipa woga. Mukuye sasa."

Tulikimbia hadi kwenye gari. Asilimia tisini na sita. Kioo: mia moja na hamsini na nane.

Roger alisimama na funguo mkononi. "Haitafika, Mama Kapinga. Itatuangusha mu njia ya kurudia, na yeye ndani, na mvua. Na kule hakuna pa kuchaji, sola ya zahanati ni ya taa na friji ya chanjo tu."

"Gauthier alisema inakisia."

"Na kama haikisie?"

Nikaingia nikaketi. Kiti kikaanza kupata joto chini yangu, maana kitufe kilikuwa kimebonyezwa tangu asubuhi. Tangu Desemba, kusema kweli. Nikaona aibu hata machozi yakatoka.

"Roger, ni miye," nikasema. "Miye njo nakula kuran. Kila siku nawasha hii jiko. Hata gari ikisimama, nakaa ndani na Esnart tunaota moto."

Nilingoja anifokee. Badala yake akatazama chini kwenye gurudumu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ukumbini.

"Na miye nilitosha upepo mu pine," akasema. Kutosha, kwetu, ni kutoa.

"Ulitosha lini?"

"Siku ya mvua ya kwanza. Sisi ba malori tunafanya hivyo kila masika. Pine ya laini haizame mu matope. Zote ine nilitosha, karibu nusu."

"Na Gauthier alikuuliza!"

"Aliniuliza kama iko muzuri. Mu mvua, hivyo njo muzuri!"

Hakuwa anaficha. Kwake kulegeza matairi masika ni kama mimi kutia chumvi kwenye samaki, nani anataja chumvi? Miezi miwili gari limekokota matairi laini kwenye uji, na mimi ndani nimewasha jiko. Na mtu wa watu tukamfukuza kwa simu moja.

Kituo cha petroli kilikuwa kimefungwa, tena umeme wa mji umekatika, pampu yao isingefanya kazi. Nilijua mtu mmoja tu karibu mwenye pampu nzuri, ya baiskeli. Roger akanitazama. Nilikwenda mwenyewe.

Mumba alikuwa uani kwake anakula. Nilisimama kwenye mvua na nguo zangu za kanisani, nikaanza, "Mumba, nimekuya ju ya yale maneno ya siku ile, na tena Kapinga—"

"Kapinga amefanya nini?"

"Uchungu umemushika. Pine hazina upepo."

Alikuwa amekwisha simama. Alinawa mkono mmoja tu, akachukua pampu nyuma ya mlango.

"Mumba, ningoje niseme—"

"Bana Kapinga, kusema utakuya kusema kesho. Leo tupompe."

Umewahi kujaza tairi la gari kwa pampu ya baiskeli? Mungu akuepushe. Mumba alianza, Roger akampokea, Mumba tena, Roger tena, mashati yamegandamana migongoni, mimi nimeshika mpira wa pampu usichomoke. Walipofika tairi la nne, Roger alikuwa anahema kama mbuzi, na Mumba alimsukuma pembeni kwa bega akamalizia peke yake. Akalipiga teke. Likalia gumu.

Tukaondoka, jiko limezimwa, kidirisha kimefunguliwa kidogo vioo visipige ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye mbavu. Roger alikanyaga polepole, yeye ambaye siku zote anakanyaga kama anaua nyoka. Mimi nilitazama namba. Mia hamsini na nane. Mia hamsini na saba. Tukaenda, tukaenda. Mia hamsini na saba bado. Nilidhani kioo kimeganda. Kisha, karibu na Kenani, ikawa mia hamsini na tisa.

"Roger, inapanda."

"Acha kuitazama," akasema, na yeye akaitazama.

Hapo Kenani ndipo tulipopokelewa mwaka 2017, tulipovuka ziwa kwa mtumbwi tukikimbia risasi, Kapinga akiwa msichana wa kubeba sufuria kichwani. Watu tusiowajua walitupa uji. Kila ninapopita nasema asante, na leo niliisema kwa sauti. Mbele kidogo barabara imekatwa na tope, na hapo ndipo Roger aliogopea matairi magumu. Akasimamisha gari, akaniachia usukani, akashuka na viatu vyake vya kanisani, vile vyeusi vya kung'aa. Akatangulia kwa miguu akipapasa pagumu chini ya maji, akinionyesha kwa mkono: huku, huku, sasa kushoto. Nikamfuata taratibu kama ng'ombe. Tukapita. Kiatu kimoja kilibaki huko, naye hakurudi kukitafuta.

Puta tulifika na mia moja na arobaini na sita. Njia nzima ya kwenda ilikula kumi na mbili tu kwenye kioo! Gauthier, mwanangu, unisamehe.

Kapinga alitembea mwenyewe hadi garini, anashikilia bega la Olipa. Tulimlaza kiti cha mbele, mimi na Olipa nyuma. Alikuwa ameloa na anatetemeka, meno yanagongana, kati ya uchungu na uchungu ananiambia, "Mama, baridi."

Namba ilikuwa mbele yetu sote. Roger alinitazama kwenye kioo cha nyuma. Nikanyoosha mkono kupita bega la binti yangu, nikabonyeza kitufe cha kiti chake. Kama ni kilomita, ziende. Zilikwenda, nikaziona zikidondoka, na sikujuta hata moja. Baada ya muda meno yake yakatulia, akasema, "Oo, mama, kiti iko na moto," kwa sauti ya utoto wake, na Olipa akacheka, na mimi nikalia nyuma kimya.

Tumeingia lango la hospitali kioo kikisema sitini na nane. Wamempeleka ndani moja kwa moja. Roger amekaa kando yangu na kiatu kimoja. Tunangoja.

9 Februari

Msichana. Mzima, mama yake mzima. Daktari amesema kovu lilikuwa limeanza kuachia.

Asante. Asante. Sina neno lingine.

12 Februari

Nimekwenda kwa Mumba, na sikwenda nyumbani kwake. Nilimtukana sokoni, basi nilimngoja sokoni, apite na baiskeli na unga, wanawake wa nyanya wakiwa mezani wote.

"Mumba," nikasema, kwa sauti ileile ya siku ile, "nilikusemea bubaya, na nilikosa. Kilomita nilikula miye na bwana yangu. Weye hukukula kitu. Nakuomba musamaha mbele ya bote."

Akashuka kwenye baiskeli. "Nimesikia, Bana Kapinga. Ile siku iliniuma. Hata nyumbani sikula."

"Rudia kazi yako."

"Kazi hapana. Unga inanipa vizuri, na usiku nalala. Lakini pine nitakuwa nakuya kuangalia, ju Bashi Kapinga hajue." Bashi Kapinga ni baba wa Kapinga, Roger wangu, aliyeendesha malori maisha yake yote. Soko likaangua kicheko, nami nikacheka nalo.

Nimefikiri jioni hii. Gari lilitupimia kwa safari zetu za nyuma, likatukatia tamaa, na lilikuwa na sababu. Mumba angenipimia hivyohivyo. Safari yangu ya mwisho kwake ilikuwa matusi. Angeendelea kula, na nisingekuwa na la kumlaumu. Aliacha chakula akabeba pampu. Watu wa namna hii tumepewa bure kwenye nchi hii, na mimi nilikuwa natazama kioo.

19 Februari

Kilomita mia mbili na sitini. Mgongo unauma. Nimejifunika kanga mbili.

1 Machi

Ziwa limefunguliwa! Tangu alfajiri ufuo umejaa watu, chisense wa kwanza, wale dagaa wetu, wanang'aa kwenye beseni kama misumari mipya. Beseni la kwanza nimelibeba mwenyewe hadi kwa Mumba, kabla ya mteja yeyote. Roger amesema gari halirudi Lusaka, na amelisema kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyetaka kulirudisha.

Mchana Kapinga alikuwa anarudi Puta, mumewe amekuja kumchukua, wote wamo garini na mtoto. Mumba akaja kukagua matairi kabla ya safari. Kapinga akashusha kioo, akamwita baba kwa Kibemba.

"Tata Mumba, mutoto amepata jina."

"Nani?"

"Mumba. Nimeuliza, bananiambia hata mwanamuke anaweza kuitwa hivyo."

"Majina yako njo huyu," Roger akamwambia. Majina, kwetu, ndivyo tunavyomwita mtu mnayeitwa naye jina moja.

Mumba akainama kwenye tairi la mbele, akaliminya. La nyuma, akaliminya. Akazunguka, akaminya yote manne, kisha akarudi lile la kwanza, ambalo halikuwa na shida yoyote. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Akatia mkono mfukoni, akatoa simu, akanitazama usoni bila kucheka.

"Bana Kapinga, simu yangu imekufa. Naweza kutia mu gari ya majina yangu?"

Roger akashika kichwa. Mimi nilianza kucheka tumboni, kikapanda, nikacheka mpaka nikaegemea boneti na machozi yananidondoka, na Mumba naye akashindwa kujizuia.

"Tia," nikamwambia. "Tia, bwana, ijaze."

Akaichomeka. Tukakaa hapo sote tukingoja simu ya Mumba, mtoto amelala, na namba ya kwenye kioo haikusogea.